Mtoto akifikisha miaka saba anakuwa wa baba? Naomba tuelimishane

#1 Kibatari
Habari zenu wakuu.

Mimi na mama wa binti yangu tulitengana miaka mitatu iliyopita. Ndoa ipo, talaka haijatoka. Tulipoachana mtoto alikuwa na miaka minne, na kila niliyemweleza, kuanzia ndugu zangu hadi mshenga wetu, aliniambia neno lile lile: "Tulia, akifika saba anarudi kwako, ndiyo sheria." Nikatulia.

Mwezi uliopita ametimiza saba. Nimeshanunua kitanda, chumba nimekipaka zambarau, rangi aliyoichagua mwenyewe kwenye simu. Nikaenda kumchukua. Mama yake akasimama mlangoni, akasema mtoto hatoki. Binti alikuwa nyuma yake ameshika pindo la gauni la mama, ananiangalia mimi, kisha anamwangalia yeye. Nikaondoka maana sikutaka aone tukigombana.

Naomba kuuliza: hiyo sheria ya miaka saba ipo au haipo? Na kama ipo, nikimpitia shuleni nikaenda naye kwangu nitakuwa nimekosa nini? Ni mwanangu wa kumzaa, na cheti cha kuzaliwa kina jina langu.

#2 Fundi Saa
Mkuu, sheria iko wazi. Chini ya saba ni wa mama, kuanzia saba ni wa baba. Kaka yangu alifanya hivyo hivyo, alimpitia mtoto shuleni na hakuna aliyemgusa. Mchukue mwanao, utaomba ushauri hadi lini?

#3 Jalada
Fundi Saa, taratibu kidogo. Nimekaa ofisi ya wakili miaka mingi na hiki ni kitu watu wengi wanakikosea.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125(3), inasema kuna dhana kwamba ni kwa faida ya mtoto wa chini ya miaka saba kukaa na mama yake. Basi. Haikuendelea kusema kwamba akifika saba anahamia kwa baba. Someni kifungu chote mniambie sentensi hiyo mmeiona wapi.

Halafu dhana yenyewe ni ya kupingika. Maana yake mahakama inaanza na wazo hilo, na ukileta ushahidi linaanguka. Kifungu hicho hicho kinaiambia mahakama iangalie ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha hamisha. Kwa hiyo Kibatari, siku binti yako alipotimiza saba, kilichoondoka ni ile dhana tu. Haki mpya haikuzaliwa upande wako. Sasa mnasimama sawa mbele ya hakimu, na swali ni moja: ustawi wa mtoto uko wapi?

Kuhusu shuleni, usifanye. Nitarudi kueleza.

#4 mama_mapacha
Jalada anasema kweli, na mimi ni ushahidi wa upande wa pili. Wengi mnadhani kwa mama mambo ni ya bure.

Wanangu walikuwa na miaka minne nilipopata kazi mbali na nyumbani. Niliwaacha kwa baba yao na shangazi yao kwa makubaliano ya miezi sita, ikawa miaka miwili. Niliporudi nikasema nawachukua, wana miaka sita, sheria yangu hiyo. Baba akakataa, tukafika mahakamani. Niliingia na cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa, nikajua nimeshinda.

Hakimu aliniuliza mwalimu wao wa darasa anaitwa nani. Sikumjua. Akaniuliza ni yupi kati yao anayesumbuliwa na kifua usiku. Nikataja mmoja, baba yao akataja mwingine, na yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Kumbe tatizo lilikuwa limehamia kwa mwenzake mimi sipo.

Walibaki kwa baba. Nikapewa wikiendi na nusu ya kila likizo. Niliumia sana, lakini sitasema nilionewa.

#5 Nahodha wa Ziwani
Poleni nyote. Ila hapa mnazungumza kizungu sana. Mtoto ana ukoo. Ukishatoa mahari, watoto waliozaliwa ndani ya ndoa ni wa upande wa baba. Hata serikali iliandika hivyo kwenye Tamko la Sheria za Kimila la 1963: watoto wa ndoa ni wa baba, wa nje ya ndoa wako upande wa mama. Sheria hiyo ilifutwa lini?

#6 Jalada
Mzee Nahodha, shikamoo. Hoja yako ina mizizi, ila iweke mahali pake. Kifungu cha 125(2) cha Sheria ya Ndoa kinataja mila za jamii ya wazazi. Zimo. Lakini tazama mpangilio: kwanza kabisa ni ustawi wa mtoto, na chini yake ndipo yanapokuja matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto kama ana umri wa kutoa maoni yake mwenyewe, kisha mila. Mila inasikilizwa, haiamui. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo ikaweka maslahi ya mtoto kuwa jambo la msingi katika kila hatua inayomhusu.

Kwa hiyo ukisema mahakamani "nilitoa mahari", hakimu ataandika. Halafu atauliza nani anampeleka mtoto kliniki.

#7 Mpwani
Assalaam aleikum. Naongeza mawili.

Kwanza, Jalada, waambie watu kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 ni ya Tanzania Bara. Zanzibar haitumiki. Kule kuna Sheria ya Mtoto Na. 6 ya 2011, na Mahakama ya Kadhi ipo kwa mambo ya ndoa za Waislamu. Msimpotoshe mtu wa Pemba.

Pili, hiyo saba mnaijadili kama imeanguka kutoka mbinguni, nayo ina asili. Katika fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, kuna hadhana, haki ya kumlea mtoto mdogo, na mama ndiye wa kwanza. Kwa madhehebu ya Shafii, mtoto akifika umri wa kupambanua mambo, unaokadiriwa miaka saba, huulizwa achague. Kwa Hanafi ni saba kwa mvulana na tisa kwa msichana. Kwa Maliki msichana hubaki na mama hadi aolewe. Yaani hata ndani ya dini moja hesabu si moja. Naamini walioandika sheria ya 1971 walichota huku, maana nusu ya waliokuwa wakiandikiwa walikuwa wakiishi hivyo tayari.

#8 Mto Hauchoki
Mpwani, nakuheshimu ila hapo sikubaliani nawe. Saba yetu ni ya Mwingereza. Huko Uingereza zamani baba ndiye alikuwa na kila kitu, mama hakuwa na haki hata ya kumwona mtoto. Mwanamke mmoja, Caroline Norton, alinyang'anywa wanawe watatu na mumewe, akaandika na kupigania hadi Bunge likapitisha sheria mwaka 1839 inayomruhusu mama kuomba kukaa na watoto wa chini ya miaka saba. Mwaka 1873 wakapandisha hadi kumi na sita. Sisi tulirithi namba ya kwanza, na mahakama zetu zimekua kwenye sheria ya Kiingereza.

#9 Mpwani
Fiqhi ina umri wa zaidi ya miaka elfu kabla ya huyo Caroline. Labda yeye ndiye aliyechota.

#10 Nesi wa Zamu
Mnabishana namba imetoka wapi, mimi nawaambia namba yoyote itakuwa na kasoro. Nimefanya kazi wodi ya watoto. Mtoto anapoamka saa nane usiku ana homa, analia kwa jina la mtu mmoja. Huyo ndiye anayejua dawa anazitema vipi na anatulia akibebwa upande gani. Mara nyingi ni mama, kwa sababu ndiye aliyenyonyesha na kukesha. Lakini nimeona baba aliyekaa wodini siku kumi na moja akilala kwenye benchi, na mama akija mtoto anamgeukia baba. Sheria ingekuwa inauliza hilo, tusingehitaji kuhesabu miaka.

#11 Fundi Saa
Nesi, maneno mazuri, ila mahakama zinampendelea mama. Hilo tuliseme wazi. Baba anaingia pale akiwa tayari mtuhumiwa. Anaulizwa matunzo, anaulizwa pombe, anaulizwa wanawake. Mama anaulizwa nini?

#12 mama_mapacha
Aliulizwa jina la mwalimu wa darasa. Soma tena nilichoandika, Fundi. Unasoma nusu nusu kama sheria yako ya miaka saba.

#13 Jalada
Nilisema nitarudi kwenye la shuleni. Sheria ya Mtoto inakataza kumwondoa mtoto kinyume cha sheria kutoka kwa mtu aliye naye kihalali. Kibatari hana amri yoyote ya mahakama na mama naye hana. Kwa hiyo mtu anaweza kubisha kwamba wote wawili wana haki sawa na hakuna kosa. Wapo mawakili watakaokushauri hivyo. Mimi sikushauri. Ukimchukua kwa kushtukiza, siku ya kesi mama atasimulia jinsi binti alivyosubiriwa nyumbani hadi giza likaingia bila kurudi, na wewe ndiye utakayekuwa umevuruga maisha yake. Utakuwa umempa ushahidi ambao hakuwa nao.

Njia ipo na si lazima usubiri talaka. Mzazi, mlezi au ndugu anaweza kuomba mahakamani apewe mtoto akae naye, na anaweza kuomba haki ya kumtembelea. Kwa Sheria ya Mtoto, maombi hayo yanakwenda Mahakama ya Watoto. Mahakama humwagiza afisa ustawi wa jamii afike nyumba zote mbili na kuandika taarifa. Kile chumba cha zambarau kitaonekana hapo. Lakini atauliza pia nani atakuwa nyumbani mtoto akitoka shule.

#14 Kibatari
Jalada asante sana. Hilo la nani atakuwa nyumbani limenigusa, maana narudi saa moja jioni. Nilipanga dada yangu awepo.

Kuna jambo sikulisema mwanzoni. Mama yake anaishi na mtu mwingine sasa. Si kwamba huyo bwana ni mbaya, simjui. Ila binti anamwita "baba mdogo" na jambo hilo linaniuma usiku.

#15 Mpwani
Kwa fiqhi mama akiolewa na mtu asiye maharimu wa mtoto, yaani asiye ndugu wa karibu ambaye ni haramu kuoana naye, hadhana inaweza kumtoka, ikaenda kwa bibi mzaa mama kwanza. Si kwa baba moja kwa moja, watu huruka hatua hiyo.

#16 Jalada
Kwa Sheria ya Ndoa, mama kuwa na mwenza mpya pekee hakumwondolei mtoto. Ungeonyesha madhara kwa mtoto, hapo ni jambo jingine. Wivu wa mzazi hauhesabiwi, pole kaka.

#17 Mkenya wa Mpakani
Hamjambo majirani. Huku Kenya tulitoka kwenye hesabu hiyo kwa kiasi. Katiba ya 2010, ibara ya 53, inampa mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili kwa wajibu sawa, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya 2022 ikafuata njia hiyo. Lakini nisiwadanganye, hakimu bado akimwona mtoto mchanga mkono wake unaenda kwa mama. Katiba imebadilika, mazoea yanakuja polepole nyuma yake.

#18 Nahodha wa Ziwani
Wajibu sawa, haki sawa. Na mtoto mwenyewe atagawanywa katikati?

#19 Bintiye Wawili
Nimekuwa nikisoma kimya. Nijibu swali la mzee Nahodha, maana mimi ndiye niliyegawanywa.

Wazazi wangu walifika mahakamani nikiwa na miaka tisa. Hakimu alinipeleka ofisini kwake, akafunga mlango, akanipa kiti karibu na dirisha. Hakuniuliza "unampenda nani zaidi". Aliniuliza siku ya Jumamosi huwa nafanya nini. Nikamweleza. Kwa mama nafua soksi na kucheza na watoto wa jirani. Kwa baba namsaidia kupanga vipuri dukani. Aliandika. Nilitoka sijui kama nimechagua.

Nilibaki kwa mama. Kwa baba nilikwenda kila Ijumaa ya pili. Nawaambieni kitu ambacho wazazi hawakioni: begi. Nilianza kulipanga Jumatano. Nguo za huko zilikuwa huko na za huku huku, lakini kulikuwa na daftari, sweta na mdoli mmoja ambavyo vilisafiri. Siku nikisahau daftari la hesabu upande mmoja, wazazi walipigiana simu kwa hasira, na mimi nilijua nimewagombanisha kwa daftari. Nikaanza kulala na begi kitandani.

Kibatari, umesema alishika pindo la gauni akikuangalia wewe kisha mama. Mimi naijua ile shingo inavyochoka. Ukienda mahakamani nenda, ni haki yako. Ila tafadhali nunua daftari mbili.

#20 Nesi wa Zamu
Nimelia.

#21 Fundi Saa
Bintiye Wawili, umenishika. Niseme ukweli ambao sikuusema. Yule mtoto wa kaka yangu alichukuliwa kweli na hakuna aliyemgusa kaka. Lakini mtoto alikaa miezi miwili hasemi mezani. Mwishowe kaka mwenyewe alimrudisha kwa mama yake Jumapili moja. Sasa anamwona likizo. Bado naamini mababa wanaonewa, hilo siliachi.

#22 Ua la Kiangazi
Samahani kuingilia. Mimi na baba wa mwanangu hatukuwahi kuoana. Mtoto ana miaka mitatu. Hatoi matunzo, halafu anataka awe anamchukua wikiendi. Nimemwambia bila pesa hamwoni. Nimekosea? Na sasa anasema mtoto si wake!

#23 Jalada
Dada, hizo ni hoja tatu.

Matunzo na kumwona mtoto ni mambo mawili tofauti. Yeye kutotoa pesa hakumpi mtoto adhabu ya kutomwona baba, na wewe kumzuia hakumwondolei yeye wajibu wa kutoa. Watu huyafunga pamoja kama kulipa kodi ya nyumba. Nenda ustawi wa jamii, au omba amri ya matunzo mahakamani. Mahakama itaangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, wewe pia, pamoja na watoto wengine anaowategemeza.

Anayekana mtoto, kuna maombi ya kuthibitisha uzazi. Mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba, na hufanywa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Huendi pale na mtoto mkononi ukaomba mwenyewe. Ombi linapitia mahakama, wakili, ustawi wa jamii au mamlaka nyingine inayotambuliwa.

#24 mama_mapacha
Ua, mimi napingana na Jalada kidogo hapo. Kisheria ni sawa. Lakini mtu anayekana mtoto Jumatatu na kumtaka Jumamosi, mtoto wa miaka mitatu humpi usiku kucha kabla hajaeleweka. Anza na saa mbili tu za mchana, wewe ukiwa karibu.

#25 Jalada
Sina ubishi na hilo. Hata mahakama huweka masharti ya namna hiyo.

#26 Mto Hauchoki
Swali kwa Jalada. Kama wana watoto wawili, mmoja wa miaka mitano na mwingine kumi, wanatenganishwa? Mjomba wangu alipewa mkubwa, mama yao akapewa mdogo.

#27 Jalada
Hapa sheria zetu mbili zinavutana. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 125(4), inasema mahakama hailazimiki kuwaweka watoto wote kwa mtu mmoja, iangalie ustawi wa kila mmoja peke yake. Sheria ya Mtoto nayo inaorodhesha kuwaweka ndugu pamoja kama jambo la kuzingatiwa. Mawakili wanasimama kila mmoja na kifungu chake. Mimi naona ndugu wakae pamoja, lakini nimeona hukumu za namna zote mbili.

#28 Bintiye Wawili
Wakae pamoja. Mimi sikuwa na ndugu wa kubeba naye begi.

#29 Nahodha wa Ziwani
Nimesoma yote. Kwa mila yangu bado nasema mtoto ana ukoo, na siku ya kuzikwa au kuolewa ukoo utaulizwa. Lakini wazee wetu hawakumchukua mtoto shuleni kwa kuvizia. Walituma watu, wakakaa, wakazungumza. Kibatari, mshenga wenu bado yu hai? Mtume. Alikuambia uongo wa miaka saba, sasa afanye kazi.

#30 Jalada
Mzee umenena. Na wakikubaliana, waandike, wapeleke kwa afisa ustawi. Hata amri ya mahakama yenyewe si jiwe. Inaweza kubadilishwa hali ikibadilika kwa kiasi kikubwa, au ikibainika ilitolewa kwa taarifa za uongo.

#31 Mpwani
Mto Hauchoki, nimerudi. Hujanijibu kuhusu ile miaka elfu.

#32 Mto Hauchoki
Kutangulia si kurithisha. Nionyeshe mwandishi wa sheria ya 1971 aliyesema alichota kwa Shafii, nami nitanyamaza.

#33 Kibatari
Wakuu, nimerudi baada ya wiki mbili.

Nilimtuma mshenga kama alivyosema mzee Nahodha. Mama yake alikubali tukutane kwa afisa ustawi. Sikupata nilichokwenda kutafuta. Tumeandikiana kwamba abaki kwa mama hadi shule zifungwe, awe anakuja kwangu Ijumaa jioni mpaka Jumapili, kisha tutakaa tena. Sijaridhika na maombi ya mahakamani sijayafuta kichwani. Jalada, nitakutafuta.

Ijumaa alikuja. Alikuwa na begi jekundu, amelibeba kifuani badala ya mgongoni. Nilimwonyesha chumba. Akapapasa ukuta, akauliza, "Hii ni yangu hata nisipokuwepo?" Nikamwambia ni yako. Akafungua begi akatoa kila kitu, daftari, sweta, kandambili, akapanga kwenye kabati. Jumapili alipoondoka kandambili aliziacha. Nilimkumbusha getini, akasema anajua.

#34 Bintiye Wawili
Usizisogeze hizo kandambili.